Jumamosi ya Kufungua Vitambaa

Mueni alikuwa na ugonjwa ambao hakuna hospitali inayoutibu: hawezi kumwona mdudu akanyamaza. Hata akiwa njiani kwenda sokoni, akimkuta jongoo anavuka barabara atasimama, atainama, na yeyote aliye karibu, apende asipende, atasimuliwa maisha ya jongoo tangu yai hadi kifo. Maradhi hayo aliyapata kazini. Kwa miaka mingi aliwatembeza wageni wa hoteli moja huko kusini, akiwaonyesha ndege na majani, mpaka hoteli ikapunguza watu naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Akarudi kukaa nyumbani kwake Timbwani, Likoni, maneno yote yale yamemjaa kifuani na hana wa kumwambia.

Sasa, nyuma ya nyumba za mwisho za mtaa kuna bustani, Bustani ya Mkunguni, inayoteremka taratibu mpaka kwenye mikoko. Iliwahi kuzungushiwa senyenge, ikawekewa lango na kibao, kisha ikaachwa. Watu waliipita kama wanavyopita ukuta wa jirani. Mueni akaingia humo asubuhi moja ili apunguze mawazo tu, akatoka saa sita mchana akiwa amechangamka. Mule ndani mlikuwa na ndege, vipepeo, kaa, popo, mijusi wa kila aina, na hapana hata mtu mmoja wa kuwatazama. Roho ikamuuma. Siku ya pili yake akamfuata msimamizi wa bustani, Felix Mweri, kijana mpole wa mtaa wa Shika Adabu, akamwomba ruhusa ya kuwatembeza watu humo kila Jumamosi asubuhi, bure bilashi, awajulishe na viumbe wanaoishi nao mtaa mmoja. Felix akakubali kabla hajamaliza kueleza, maana ungemkatalia Mueni angeanza upya.

Tatizo lilikuwa njia. Majani yalikuwa yameimeza, na mtu asiyeijua angejikuta kwenye matope na viatu mkononi. Mueni akaamua kufunga alama kwenye miti ambayo angetaka watu wasimame. Fundi cherehani wa jirani alikuwa na gunia la mabaki ya vitambaa, akampa rangi tatu zilizokuwa nyingi: nyekundu, nyeupe na nyeusi. Mueni akashukuru mno. Nyekundu akazifunga kwenye miti yenye wadudu, nyeupe kwenye miti ya ndege na popo, nyeusi kule kwenye mikoko. Mkwaju mmoja mkubwa ulikuwa na wadudu na ndege pia, basi ukapata nyekundu na nyeupe kwa pamoja. Akarudi nyuma hatua chache kuitazama kazi yake, akaipenda.

Hebu niambie, wewe uliyezaliwa Pwani, bado umetulia hapo ulipokaa? Nyekundu, nyeupe na nyeusi, kwenye miti mikubwa, karibu na maji, na mwanamke anaonekana humo peke yake asubuhi asubuhi akizungumza na majani. Na mwanamke mwenyewe Mkamba, kabila ambalo nchi nzima hulisingizia ndumba hata likipiga chafya. Angetumwa mganga wa kulipwa autishe mtaa mzima, asingeipanga kazi ile vizuri zaidi. Lakini Mueni hakujua. Miaka yake yote ya Likoni alikuwa mtu wa kuondoka alfajiri kwenda hotelini na kurudi jua limekwisha kuzama. Habari za pepo wa wenyeji na rangi zao alizisikia kwa mbali, na aliye mbali haulizi wala haelezwi.

Jumamosi ya kwanza akasimama langoni na kofia yake ya majani, tabasamu mpaka masikioni. Hakuja mtu. Waliopita walivuka wakaenda upande wa pili wa barabara, wengine wakiharakisha. Mueni akajiambia kwamba kosa ni lile neno bure, kwa sababu watu wa Likoni wamezoea kuwa cha bure kina mgombea nyuma yake, au muuza dawa za nguvu. Jumamosi iliyofuata akaja na birika la chai ya tangawizi na bakuli la njugu, ili watu waone ni ukarimu tu. Maskini ya Mungu, hapo ndipo alipoharibu kabisa. Sasa mtaani ikasemwa kwamba ana hata kitu cha kuwalisha watu.

Katikati ya juma Felix akaja nyumbani kwake, uso umemshuka. Alikaa ukingoni mwa kiti, akakataa chai, kisha akalitoa alilokuja nalo. Dalali mmoja aitwaye Nzai alikuwa ameiombea bustani ile iwe maegesho ya malori, na wazee wa kamati ya bustani walikuwa wameanza kumsikiliza, kwa sababu bustani isiyoingia mtu ni kichaka tu. Wangekuja kujionea wenyewe Jumamosi hii. Wakikuta watu wanaitumia, itabaki bustani. Wasipokuta, miti itakatwa na kifusi kitamwagwa mpaka kwenye mikoko. Felix alisema amejitahidi kuwaeleza, ila hana mtu hata mmoja wa kuwaonyesha.

Felix alipoondoka, Mueni alikaa akautazama ukuta. Aliona popo wa mzambarau wakiruka hovyo mchana wakitafuta pa kwenda. Aliwaona kaa chini ya kifusi. Alilia sana, tena kwa hasira, kwa sababu alihisi ni yeye aliyeshindwa kuwatetea, yeye aliyewahi kuwafanya wazungu wazee walale kifudifudi mchangani ili wamwone mdudu.

Mlango wa tatu kutoka kwake aliishi Kafedha, Mgiriama mwenye sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa, na muuza mahamri ambaye habari za mtaa zilipita kwake kabla hazijafika kwa wenyewe. Walikuwa marafiki wa kubishana na kucheka. Lakini majuma haya Kafedha alikuwa na dharura zisizokwisha. Kila Mueni akimtajia bustani, mara ana mgonjwa, mara mafuta yako motoni. Siku hiyo Mueni alimkuta jikoni, akasimama mlangoni kwa namna ambayo hakuna wa kupita, akamwambia yote ya Nzai na malori, kisha akamwuliza watu wa hapa wana nini naye.

Kafedha aliepua karai. Akachungulia nje. "Mama Lynnette," akasema kwa sauti ya chini, akimwita kwa jina la mwanawe kama siku zote, "niambie kweli, na mimi sitakuhukumu. Vile vitambaa umemfungia nani?"

Mueni alidhani anataniwa. Akaeleza: nyekundu ni wadudu, nyeupe ni ndege, nyeusi ni mikoko. Kafedha akashikwa na kicheko kilichomfanya ajishikilie meza, na alipopata pumzi ndipo akamfungua macho: rangi zile wenyeji huzijua kuwa za pepo, hufungwa na nani na kwa haja gani, na mtaani wanasema nini juu ya mama Mkamba na mizimu yake. Kuna familia, alisema, imeacha kuchota maji kisima cha upande ule. Kuna mchumba ameahirisha harusi. Kafedha mwenyewe, na kwaya yake yote, amekuwa akizunguka njia ndefu kwenda mazoezini.

Mueni alishika kichwa. Kisha akainuka kama aliyechomwa, akivua kandambili ili akimbie akavinyofoe vyote saa ile ile.

"Thubutu," Kafedha akamkamata mkono. "Ukivitoa kimya kimya watasema umevihamishia mlangoni mwa mtu. Vimefungwa na wewe, vifunguliwe na wewe, mchana kweupe, watu wakiona, na kila kimoja useme ulikifungia nini. Jumamosi. Watu niachie mimi."

Na watu aliachiwa. Kafedha hakuandika tangazo wala hakushika kipaza sauti. Aliwaambia wateja wake wa asubuhi tu, tena kwa siri, akiwasihi wasimwambie mtu: Jumamosi, Mkunguni, yule mama atafungua vitambaa hadharani na kutaja kila alichokifunga. Kufikia adhuhuri siri ile ilikuwa imefika Shika Adabu. Kufikia jioni ilishapanda feri na kuvuka, na inasemekana ilifika hata Magogoni, ng'ambo ya pili ya kisiwa, ambako ilikuwa imeota mkia: kwamba kutafukuliwa pia chungu cha uganga.

Jumamosi Mueni alifika langoni mapema, akasimama ghafla. Walijaa. Akina mama na leso zao wamejifunga kibwebwe kama wanaokwenda ugomvini. Waendesha bodaboda wamekaa juu ya pikipiki zao, injini zinanguruma, tayari kutoroka. Wapo walioshika Biblia kifuani, wapo waliokuwa wakivuta tasbihi, wapo walioshika simu juu. Mbele ya wote, mikono kiunoni, alisimama Bi Mwanatabu, Mdigo wa siku nyingi pale Timbwani, mwanamke ambaye hata polisi wa trafiki humwamkia kabla hajawaona makosa. Hakuna aliyekuwa tayari kulisogelea lango, lakini hakuna aliyekuwa tayari kukosa.

Watu wote hao walikuja kumwona mchawi, na mchawi ni yeye. Akapiga moyo konde, akamwamkia Bi Mwanatabu, "Shikamoo bibi," akapokea marahaba kavu, kisha akapaza sauti.

"Vitambaa hivi nilivifunga mimi. Sikumfungia mtu, ni alama za njia. Rangi zake sikuzijua, na kosa ni langu, naomba radhi. Leo navifungua vyote mbele yenu. Anayeshuku na aje karibu atazame mkono wangu."

Akaingia. Watu wakamfuata kwa mbali, wakisukumana. Kitambaa cha kwanza kilikuwa kwenye mti wa mkungu, chekundu. Akakifungua, akakikung'uta, akakionyesha pande zote. Ndipo sauti ya kiume ikatoka nyuma ikauliza swali ambalo wote walikuwa nalo: kwa nini mti huu, na si ule?

Mueni akajibu alivyozoea kujibu. Akawaonyesha juu, penye majani yaliyoshikana kama mpira. Ni nyumba ya majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, akawaambia. Wale wakubwa huyavuta majani mawili yakutane, wengine huleta watoto wao mdomoni, na mtoto hutoa uzi, basi wanamtumia kushonea, huku na huku, mpaka nyumba imeshikana. Mafundi wa kushona kwa kutumia watoto wachanga. Watu wakatazama juu. Mwendesha bodaboda mmoja, aliyeng'atwa na majimoto maisha yake yote bila kujua kwamba ni mafundi, akazima injini, akateremka, akaja kuangalia vizuri.

Mti wa pili ulikuwa mzambarau, kitambaa cheupe. Mara hii hawakungoja. Waliuliza kabla hajafungua. Na wa huu je? Akawaonyesha popo waliojining'iniza kama miavuli iliyokunjwa, akawaambia ni popo wale wanaopanda mizambarau na mikungu mjini bila kuombwa, kwa kula tunda hapa na kuangusha kokwa kule. Mama mmoja wa Biblia akasema kumbe ndiyo sababu uani kwake umeota mzambarau asioupanda. Mwingine akataka kujua wananyonyeshaje wakiwa kichwa chini. Mueni akaeleza, na kwa mikono akaonyesha, wakacheka.

Walipofika mti wa nne ndipo Mueni alipogundua kinachotendeka. Hawa watu walikuja na shuku zao, kila mti wanamdai sababu, na kila sababu ni ile ile aliyokuwa akitaka kuwapa tangu mwanzo. Alikuwa akiwatembeza. Umati mzima wa Timbwani ulikuwa kwenye matembezi ya bure na haukujua. Furaha ikampanda akaogopa itaonekana usoni. Akajikaza, akaendelea kufungua.

Felix na wazee wa kamati walifika wakati huo, Nzai yuko nao na suti ya kijivu. Walikuta lango wazi na bustani imejaa. Walipojaribu kupenya waende mbele, akina mama wa nyuma waliwazuia, wakawaambia wanyamaze, wanataka kusikia habari ya kaa. Mzee mmoja wa kamati akavua kofia akanyamaza. Kule mbele, kwenye mikoko, Mueni alikuwa akiwaonyesha kaa mwenye mkono mmoja mkubwa akiwapungia majike, na vijana walikuwa wakimwiga.

Kikabaki kituo cha mwisho, ule mkwaju. Mueni alipoukaribia, akasita. Bundi wa mti ule alikuwa nje. Siku zote hulala ndani ya shimo la mti, lakini kelele za watu zilimwamsha, akatoka, akakaa kwenye tawi la chini, akawageuzia umati uso wake wote. Chini yake kitambaa chekundu na cheupe.

Watu walirudi nyuma kwa pamoja, wakakanyagana. Mtoto akaanza kulia. Mtu akasema audhubillahi, mwingine akataja jina la Yesu, na Nzai, ambaye alikuwa amefika mbele sasa, akapata alichokihitaji.

"Wazee, mmejionea," akasema kwa utulivu. "Ana vitambaa na ana bundi. Mnangoja nini tena? Ukatwe huu, na yote ifagiliwe."

Mueni aliona yote yakimponyoka, popo, majimoto, kaa, pale pale mbele ya macho yake. Hofu ikageuka hasira, na hasira ya Mueni ilikuwa na maneno. Hakumjibu Nzai. Alipiga magoti chini ya mkwaju, akaokota kitonge cheusi kikubwa kama kidole gumba, akasimama nacho.

"Hiki bundi amekitapika," akasema. "Chakula akila, nyama inabaki tumboni, mifupa anaitema. Sogeeni mwone anakula nini kwenu."

Akakivunja kiganjani. Hakusogea mtu. Akasogea Kafedha, Mungu ambariki, kanga kinywani, akachungulia. Ndani ya manyoya mlikuwa na fuvu dogo, na meno mawili marefu ya njano. Kafedha akainua kichwa.

"Ni panya," akasema.

Mueni akavunja kingine, na kingine. Panya, panya, panya wawili pamoja. Chini ya mkwaju vilitapakaa vitonge tele. Sasa, kama hujakaa Timbwani huwezi kujua neno panya lina uzito gani pale. Hakuna nyumba isiyo na kilio chake: gunia la mahindi lililotobolewa, waya wa friji uliokatwa, kidole cha mtoto kilichong'atwa usingizini. Joho la Kafedha la kwaya, jipya, lililiwa pindo lote wiki ya Pasaka. Minong'ono ikaanza kupita umatini, na haikuwa ya woga.

Bi Mwanatabu akatoka mbele. Akatembea mpaka chini ya tawi, akainua uso, akatazamana na bundi.

"Wewe babewatoto," akamwambia, kwa jina walilomwita wazee wake, "kumbe usiku wote ule watufanyia kazi, nasi twakutupia mawe."

Kisha akanyoosha mkono, mkono wake mwenyewe, akafungua kitambaa chekundu. Akafungua cheupe. Akavitazama viganjani, akakichukua kile chekundu, akajifuta nacho jasho la uso na la shingo, polepole, kama anayejifutia leso yake mwenyewe nyumbani. Alipomaliza akamgeukia Nzai.

"Mwanangu, hayo malori yako yala panya?"

Kicheko kilicholipuka pale kilimfanya bundi aruke arudi shimoni mwake. Watu walipiga makofi, walipigana mabega, mwendesha bodaboda akapiga vigelegele utadhani yuko harusini. Wazee wa kamati walicheka mpaka mmoja akatafuta pa kuegemea. Nzai alisema maneno fulani kuhusu maendeleo na kazi kwa vijana, lakini alikuwa akiyasema kwa migongo ya watu, na baada ya muda hakuonekana tena.

Felix alipanda juu ya jiwe ili atangaze uamuzi wa kamati. Alikohoa, akaita "Mabibi na mabwana," akaita tena. Nani amsikilize? Umati ulikuwa umeshatawanyika bustanini, makundi makundi, kila mmoja anamwonyesha mwenzake. Kwenye mkungu Kafedha alikuwa amejikusanyia wasikilizaji wake, anawaeleza habari ya majimoto kwa sauti ya kwaya, akiwaongezea chumvi ya kutosha kuharibu mchuzi. Wale waliochelewa walikuwa wakilalamika kwamba miti ya mwanzo hawakuiona na wanataka ianzwe upya.

Felix akateremka, akamwendea Mueni. "Mama, nilikuja kuwaambia kwamba bustani inabaki," akasema. "Naona hakuna aliyengoja kuambiwa."

Mueni alitaka kumjibu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake maneno hayakuja. Alisimama pale na machozi yanamtiririka, akicheka. Kutoka chini kwenye mikoko mwanamke asiyemjua, wala hajawahi kumwona, alikuwa akimpungia mkono na kumwita kwa jina la mwanawe, kama wanavyoitana majirani.

"Mama Lynnette, njoo upesi, kuna mwenye mkia mrefu huku, utuambie ni nani."

Mueni alijifuta macho kwa kiganja, akaenda kuwaambia.